Nibadilishe Datsun yangu ya mwaka 1972 kwa gari la umeme? Sijui nitamwambia nini fundi wangu

Mshauri mpendwa,

Mimi ni mwanamume wa miaka 53, mwenye duka la dawa hapa Nakuru, mume na baba wa watoto watatu ambao sasa wanajitegemea. Nyumbani kwangu hakuna ugomvi, wala sina deni linalonikosesha usingizi. Kinachonikosesha usingizi ni gari. Najua wapo watakaosema kwamba hilo si jambo la kumsumbulia mshauri, lakini nakuomba unisome hadi mwisho.

Mwaka 1999 nilinunua Datsun 240Z ya mwaka 1972 kutoka kwa mkulima wa upande wa Gilgil. Ilikuwa imekaa katika banda la kuku kwa miaka mingi, sakafu imeliwa na kutu hadi ukikaa ndani unaona ardhi, na injini imekwama kabisa. Niliinunua kwa ajili ya marehemu baba yangu. Alikuwa akitusimulia namna magari hayo mekundu yenye boneti nyeusi yalivyopita kwenye mbio za Safari Rally, Edgar Herrmann akashinda nayo mwaka 1971, na Shekhar Mehta mwaka 1973. Mimi nilizaliwa kati ya ushindi huo wa kwanza na wa pili, kwa hiyo sikuyaona. Niliyasikia tu, na nadhani kule kusikia kulinishika kuliko ambavyo kuona kungenishika.

Aliyeifufua ni fundi mwenye gereji ndogo mtaa wa Shabab hapa Nakuru, ambaye mimi humwita Mzee. Kazi ilichukua miaka 6 kwa sababu nilikuwa nikilipa kadiri nilivyopata. Alikata sakafu nzima akachomelea mabati mapya, akakanda bodi kwa mkono. Kabureta zake mbili alizisawazisha kwa sikio: ncha moja ya kipande cha mpira wa maji huiweka sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta, akasikiliza hii kisha ile, akazungusha skrubu kidogo, mpaka zote mbili zivute hewa kwa mlio mmoja. Injini ya asili ilipopasuka bloku mwaka 2008, alitafuta nyingine ya aina hiyohiyo, ya silinda 6, kutoka gari lililokuwa limepata ajali, akaifunga bila kunitoza hela ya ufundi, maana aliona jinsi biashara yangu ilivyoanguka baada ya vurugu za uchaguzi. Sasa Mzee ana miaka 76. Presha ya macho imemfifisha uwezo wa kuona, hufanya kazi kwa kupapasa, na kuna binti mmoja anayejifunza kwake ambaye humsomea namba za spea.

Mwezi uliopita nilimsindikiza shemeji yangu kwenye yadi ya magari jijini Nairobi, nikaruhusiwa kujaribu gari la umeme la BYD Seal, ile yenye mota mbili. Nimependa magari tangu utotoni, lakini sikuwa nimewahi kuhisi kitu kama kile. Unakanyaga, na barabara inakujia. Karatasi zake zinasema inatoka kusimama hadi mwendo wa kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 3.8, ilhali Datsun yangu hata ilipokuwa mpya ilihitaji takriban sekunde 8. Nilishuka mikono ikinitetemeka. Mwenye yadi aliposikia kwamba nina 240Z, aliniambia anaye mnunuzi wa Ulaya anayeitafuta, akapendekeza tubadilishane: yeye aihesabu Datsun kwa shilingi milioni 3.8, mimi niongeze milioni 2.4, niondoke na Seal iliyotoka Uingereza ambayo imetembea kilomita 11,000. Nikikusanya akiba yangu na kukopa kidogo kwenye sacco, pesa hizo zinapatikana. Amenipa hadi mwisho wa mwezi huu.

Mke wangu anasema wakati umefika. Katika miaka 26 ya ndoa yetu hajawahi kupita Naivasha akiwa ndani ya Datsun, kwa sababu ina viti viwili tu, haina kipoza hewa, na harufu ya petroli humtia kichefuchefu. Kazini mimi huenda kwa miguu, lakini mama yangu mzazi yuko Kakamega, ana miaka 81, na kila tukienda kumwona tunapanda matatu au tunaazima gari la shemeji. Goti langu la kushoto linauma kwa sababu ya klachi. Petroli ilipovuka shilingi 200 kwa lita mwaka 2023, niliifunika Datsun kwa turubai kwa miezi minne. Mwanangu wa kwanza anasema kushikilia gari la aina hiyo nyakati hizi ni ubinafsi. Mkwe wangu naye amenionyesha kwamba 240Z moja iliuzwa Marekani mwezi Januari 2020 kwa dola 310,000, na anaamini kwamba mwenye yadi ananipunja.

Jumamosi iliyopita nilikwenda gereji nikiwa nimeazimia kumweleza Mzee. Alitoka, akapapasa boneti kuanzia mbele hadi kwenye kioo kama anayemsalimia mtu, akasema, "Hii ndiyo itakayonizika." Nikalipia plagi ambazo sikuzihitaji, nikaondoka.

Nikiibadilisha, najiona msaliti kwa Mzee na kwa baba yangu. Nisipoibadilisha, najiona mtu anayekumbatia vyuma huku mke wake akisafiri kwa matatu. Naomba unisaidie kufikiri.

Msomaji wako,
Milimani, Nakuru

JIBU LA MSHAURI

Ndugu yangu wa Milimani,

Asante kwa barua yako, na tafadhali usione haya kwamba kinachokukosesha usingizi ni gari. Kitu ambacho mtu amekirudisha uhai kwa miaka 6, na kukitunza kwa miaka 20 baada ya hapo, huwa kimemwingia katika maisha yake, na kuachana nacho si sawa na kuuza meza.

Nikikuelewa vizuri, jambo lako liko hivi. Unalo gari lililobeba masimulizi ya baba yako na mikono ya Mzee. Umeonyeshwa jingine ambalo lingekuwezesha kuketi na mke wako safarini na kumfikia mama yako bila kuazima, na ambalo pia, kwa maneno yako mwenyewe, lilikutetemesha mikono. Unaona kwamba kulichukua hili ni kuwasaliti wawili, na kubaki na lile ni kuwasahau wengine wawili. Na katikati ya hayo yote kuna tarehe ambayo hukuiweka wewe.

Ningependa tuanze na neno hilo "kubadilisha". Ukiisoma tena barua yako utaona kwamba una maamuzi matatu tofauti: kama familia yako inahitaji gari la kusafiria, kama gari hilo liwe Seal ya mwendo mkali au jingine, na kama Datsun itoke mikononi mwako. Aliyeyafunga matatu hayo kwa kamba moja ni mwenye yadi. Simlaumu, kwani hiyo ndiyo biashara yake, na kamba hiyo inamfaa. Lakini je, inakufaa wewe? Mke wako, kwa jinsi ulivyomnukuu, hakusema uza Datsun. Alisema wakati umefika. Inawezekana alikuwa na maana ya kuuza, na inawezekana pia anachotaka ni kukaa kando yako kutoka Nakuru hadi Kakamega, mkizungumza njia nzima, bila kujali Datsun iko wapi. Sijui ni lipi, na nina shaka kama hata wewe umemwuliza kwa utulivu. Ningekuomba umwulize kabla ya kuhesabu pesa yoyote.

Kuna jambo moja katika pendekezo hilo ambalo umelitaja kwa haraka, nami nataka tulisimamie. Mnunuzi yuko Ulaya. Maana yake ni kwamba Datsun itapandishwa meli. Sheria za Kenya kwa kawaida haziruhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limezidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na lako lina zaidi ya miaka 50. Kuna 240Z zinazoletwa nchini kwa ajili ya mashindano ya East African Safari Classic, lakini hizo huja na kuondoka. Kwa hiyo ukimuuzia mtu wa Naivasha au Eldoret, huenda siku moja ukaiona barabarani, na huenda mwanao akainunua tena atakapobadili mawazo. Ukiipeleka Ulaya, hesabu kwamba haitarudi. Kununua gari la umeme ni jambo unaloweza kulifanya mwaka huu, mwaka ujao au baada ya miaka mitatu. Kuitoa Datsun nchini utafanya mara moja tu. Sikwambii usifanye, ila ninaona maamuzi hayo mawili hayana uzito mmoja, na si haki kwako kuyapa tarehe moja.

Kuhusu thamani yake, mkwe wako amekutakia mema, lakini ile ya dola 310,000 haifanani na yako. Ilikuwa imebaki karibu na hali iliyotoka nayo kiwandani, na wanunuzi wa aina hiyo hulipia hasa kutoguswa. Yako imeguswa kila mahali, na Mzee aliigusa kwa upendo, lakini sakafu ni mpya na injini si ile iliyozaliwa nayo. Hapo pia kuna swali la karatasi: je, namba ya injini iliyofungwa mwaka 2008 iliwahi kubadilishwa katika hati ya umiliki? Kama haikubadilishwa, itakubidi kulisawazisha jambo hilo na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwa ukaguzi, uuze au usiuze, na ni afadhali ulifanye wewe bila haraka kuliko kuligundua siku ya kuhamisha umiliki. Kisha tafuta mthamini asiyenunua wala kuuza magari. Inawezekana milioni 3.8 ni bei ya haki, na inawezekana si ya haki. Kwa sasa bei unayoijua ni ya mtu mmoja tu, na mtu huyo ndiye anayetaka kununua.

Sasa tuitazame Seal yenyewe, maana naona umeitazama kwa dakika chache za furaha, ilhali utaishi nayo kwa miaka.

Chukua safari ya Kakamega. Kutoka kwako kupitia Kericho na Kisumu ni zaidi ya kilomita 230. Betri ya Seal hiyo hubeba uniti 82.5 za umeme (kWh), na kwa mwendo wa kiasi utatumia takriban uniti 18 kwa kila kilomita 100, kwa hiyo utafika kwa mama ukiwa umebaki na karibu nusu. Kwenda kunakusaidia, kwa sababu kuanzia Mau Summit hadi Kisumu barabara inashuka zaidi ya mita 1,200, na gari la umeme likishuka mota zake hugeuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya chaji. Kurudi ndiko kunakodai. Kupandisha gari la zaidi ya tani 2 kutoka Kisumu hadi Mau Summit peke yake hula uniti 7 au 8 hata kabla ya kuhesabu umbali. Bila kuchaji Kakamega, hutafika Nakuru. Ukichaji kwa soketi ya kawaida, unapata uniti 2 au zaidi kidogo kwa saa, kwa hiyo ukifika Jumamosi jioni na kuondoka Jumapili mchana utakuwa umejaza za kutosha. Lakini hapo ni pa kuuliza: nyaya za nyumba ya mama ni za mwaka gani, na zina arthi? Soketi iliyozoea birika la chai kwa dakika tano haijazoea kubeba mzigo mzito kwa saa kumi na nane. Fundi wa umeme aipime kwanza, na pengine aweke laini yake peke yake kutoka kwenye mita. Vituo vya kuchajia kwa kasi vipo zaidi Nairobi, na upande wetu wa magharibi bado ni vya kutafuta. Na umeme ukikatika, kama ulivyokatika tarehe 25 Agosti 2023 na sehemu kubwa ya nchi ikakaa gizani kwa saa nyingi, utausubiri kama wengine wote.

Nyumbani kwako Milimani mambo ni mepesi zaidi. Hutembei mbali kila siku, unaweza kufungiwa chaja ya ukutani, na tangu mwaka 2023 kuna bei maalum ya umeme wa magari ambayo hushuka zaidi usiku, ingawa inahitaji mita yake yenyewe. Kwa mtu aliyefunika gari kwa turubai kwa sababu ya bei ya petroli, unafuu huo si mdogo, na goti lako litashukuru.

Muulize pia mwenye yadi mambo ambayo furaha ya siku ile haikukupa nafasi ya kuyauliza. Dhamana ya betri, ambayo kwa magari mengi ya umeme ni ya miaka 8, je, inatambuliwa Kenya kwa gari lililoletwa likiwa limetumika, au ilibaki Uingereza? Afya ya betri imepimwa kwa mashine, na unaweza kuiona karatasi? Gari la Uingereza huwa na tundu la kuchajia la aina ya CCS2, ilhali la Japani mara nyingi huwa na CHAdeMO. Hakikisha chaja utakazozitegemea njiani zinaoana na lako. Betri imelala chini ya sakafu, na gari hilo liko chini kuliko ulivyozoea, kwa hiyo lipitishe kwenye matuta na kwenye murram ya kwa mama kabla ya kutia sahihi. Na usidhani kwamba halitahitaji fundi. Halina plagi wala kabureta, lakini lina uzito mara mbili ya Datsun yako, na matairi na bushi zitakukumbusha hilo.

Naomba uniruhusu niguse mwendo, kwa sababu ndio uliokutetemesha mikono. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi ya huku huinyima injini ya kabureta karibu moja ya tano ya nguvu zake, ilhali mota ya umeme haivuti hewa na haijui kwamba iko Nakuru au Mombasa. Ndiyo maana tofauti uliyoihisi ilikuwa kubwa kuliko hata ile ya kwenye karatasi. Katika Datsun, kilomita 100 kwa saa huja na mlio, mtetemeko na harufu, na mwili wako unajua. Katika Seal huja kimya. Unaijua barabara ya Salgaa na Sachangwan, unayajua malori yanayoteremka pale na watu tuliowazika kwa sababu yake. Sisemi kwamba utakuwa mzembe. Nasema kwamba gari litakaloondoa dalili zote ulizozitegemea kwa miaka 20 litataka dereva ajifunze upya, na ningependa ujiulize kwa ukweli kama unachotaka ni gari la kumpeleka mke wako hadi Kakamega, au ni ile hali uliyoihisi siku ile. Yote mawili ni ya kibinadamu, na hakuna la aibu. Ila la kwanza linaweza kutimizwa na gari la umeme la kawaida, lenye nguvu nusu ya hiyo na bei ya chini, na huenda basi usilazimike kuigusa Datsun kabisa. La pili halitimizwi hivyo, na ni vizuri kujua ni lipi unalolilipia.

Mwanao amesema neno zito, ubinafsi. Ana hoja, kwa kuwa umeme wetu kwa sehemu kubwa hutoka kwenye mvuke wa Olkaria, jirani yako, na kwenye maji na upepo, kwa hiyo gari la umeme hapa ni safi kweli kuliko katika nchi zinazochoma makaa. Lakini gari linalotoka Jumamosi tu halichomi petroli nyingi, na ukilipeleka Ulaya litaendelea kuchoma huko. Msikilize mwanao, mweleze hilo kwa upole, wala usiruhusu neno hilo likuamulie.

Kati ya kubadilisha na kukataa zimo njia nyingine, na kila moja ina gharama yake. Unaweza kubaki na Datsun na kununua gari dogo la familia, na utabeba mkopo pamoja na bima mbili. Unaweza kuiuza Datsun humu nchini kwa mtu mtakayemchagua pamoja na Mzee, na huenda ukapata pesa pungufu na kusubiri muda mrefu. Wapo wanaotoa injini na kutia mota na betri katika gari la kale lenyewe. Sidhani ungependa kumwambia Mzee kwamba injini aliyokufungia bure itakaa pembeni, lakini naitaja kwa sababu inawezekana. Unaweza pia kumwomba mwenye yadi miezi mitatu. Akikataa, utakuwa umejua kwamba haraka ni yake.

Nimemwacha Mzee mwisho, kwa sababu nadhani barua yako yote ilikuwa juu yake.

Umeandika kwamba utamsaliti. Je, unajua anachofikiri, au umesoma mkono wake kwenye boneti ukaamua? "Hii ndiyo itakayonizika" laweza kuwa neno la mtu anayekusihi usiiuze. Laweza pia kuwa neno la fundi anayejisifu kwa haki kwamba kazi yake itadumu kuliko yeye, na fundi wa namna hiyo huenda akafurahi kusikia kwamba imetafutwa hadi Ulaya. Au laweza kuwa neno la mzee aliyechoka, ambaye macho yamemfifia na anaogopa kukuambia kwamba hawezi tena. Ni matatu tofauti kabisa, na wewe unakosa usingizi kwa ajili ya moja ambalo hujalithibitisha. Ninachokihofia zaidi ni kwamba alisikie kwa mwingine. Unajua habari zinavyosafiri kati ya gereji za Nakuru, na siku mthamini au dalali atakapokuja kuikagua, Shabab nzima itakuwa na habari kabla ya jioni.

Na yule binti umemtaja kwa mstari mmoja tu, kisha ukampita. Mtu anayemsomea Mzee namba za spea kila siku, akiwa amesimama kando yake anaposikiliza kabureta kwa mpira wa maji, anajua nini kuhusu gari lako? Ukibaki na Datsun, swali la nani ataitunza baada ya Mzee linamhusu yeye. Ukiiuza, bado kuna deni la ufundi la mwaka 2008 ambalo Mzee hakulidai, na wewe mwenyewe hukulisahau. Sijui kama ungependa kulilipa kwa namna fulani, kwa Mzee au kwa mafunzo ya binti huyo, lakini nahisi sehemu ya uzito unaoubeba iko hapo, na ingekuwapo hata kama mwenye yadi hangetokea.

Nenda gereji siku ya katikati ya wiki, saa ya chai, wakati hakuna gari juu ya jeki. Usiende na Datsun, ili mkono wake usiwe na mahali pa kukimbilia, wala wako. Mwambie umepewa pendekezo, hujaamua, na unataka asikie kwako kabla ya mtu mwingine yeyote. Kisha nyamaza umsikilize hadi amalize. Ukishazungumza naye, na pia na mke wako, niandikie tena, maana ningependa sana kujua alikuwa na maana gani siku ile.

Mshauri wako